Nati Nne za Baba

Enzi zetu, mlango wa nyumbani ulifungwa kwa kamba ya katani, na kufuli lilikuwa kitu cha kuonea dukani. Wenzangu niliokua nao kule milima ya Kilungu hupenda sana kuikumbuka hiyo kamba. Wanasema ilionyesha jinsi watu walivyoaminiana. Mimi huwasikiliza tu. Kwetu kamba ilifungwa kwa fundo ambalo Baba peke yake alilijua, na kila alipokuwa nyumbani alilikagua jioni, aone kama kuna mkono uliopita. Tabia hiyo nimeirithi. Nikimaliza kazi kwenye karakana ya chuo ninakofundisha, nahesabu spana zote, kisha nazihesabu mara ya pili kwa sababu hata mimi niliyezihesabu sijiamini.

Lakini nisiwe mchoyo, mazuri yalikuwepo. Nakumbuka ukungu wa asubuhi ulivyotunyima njia, tukawa tunafuatana kwa sauti hadi shuleni, miguu peku, kila mmoja na kopo lake la maji ya kunyunyiza darasani ili vumbi litulie. Nakumbuka mapera tuliyokula yakiwa bado mabichi kwa sababu tukisubiri yaive wengine wangeyamaliza. Nakumbuka muthokoi, mahindi yaliyokobolewa kwa kinu na kuchemshwa na maharagwe tangu mchana, harufu yake ikikufikia ukiwa bado ng'ambo ya bonde. Mtoto wa leo ukimwekea muthokoi anaupiga picha kwanza, halafu anauliza kama kuna chipsi. Na tulicheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, na bladda, wa kuruka kamba ya mpira, mpaka sketi zikachanika, tukapigwa kwa kuchana sketi, tukarudi kucheza.

Kitu cha thamani kuliko vyote kati yetu watoto kilikuwa nywele za leithi. Hizo nitawaeleza, kwa sababu wengi wenu hamkuziona. Zilipatikana kwetu tu.

Leithi ni mashini ya kukereza vyuma. Chuma kinafungwa upande mmoja, kinazunguka, na kisu kinakinyoa polepole mpaka kiwe mviringo na laini. Kile kinachonyolewa hutoka kikiwa kimejisokota kama nywele za mtoto, kinang'aa, kingine cha rangi ya samawati kwa sababu ya joto. Kwa unywele mmoja mrefu usiokatika ungeweza kupata mapera matano, au zamu ya rafiki yako kwenye bladda. Mimi nilikuwa tajiri, maana leithi ilikuwa ya baba yangu.

Niseme vizuri. Ilikuwa ya baba yangu na mdogo wake, Baba Mdogo Mutiso. Baba yao alikuwa mhunzi wa zamani, aliyefua majembe na visu kwa mvukuto wa ngozi ya mbuzi. Alipokufa waligawana nyundo zake, na kila mmoja akashika njia yake. Baba akawa fundi kwenye gereji moja ya malori pale Kiboko, kando ya barabara kuu, akija nyumbani Ijumaa jioni na kurudi Jumapili baada ya kanisa. Baba Mdogo akawa seremala, akabaki kijijini na mama yao, ambaye sisi tulimwita Susu, kama Wakamba wanavyoita nyanya. Siku mzee mmoja wa Machakos alipoamua kuacha kazi na kuuza vyombo vyake, ndugu hawa wawili walichanga wakanunua leithi yake ndogo. Haikuwa mashini ya kiwanda. Urefu wake ulikuwa kama wa dawati la watoto wawili, na mzee huyo alikuwa akiitumia kujifurahisha tu. Nao walitaka kujifurahisha. Watoto wa mhunzi walitaka kushika chuma tena, pamoja.

Shida ilianza siku ya kuileta. Baba hakutaka mtu yeyote ajue. Alisema kijiji kina macho, na macho yana mikono. Basi leithi ilishushwa njiapanda na kulazwa juu ya machela ya miti, ikafunikwa blanketi la kijivu, na Baba, Baba Mdogo na vijana wawili wa kanisa walioahidi kunyamaza wakaipandisha kwa njia ya miguu, mchana kweupe, wakitembea taratibu isiyumbe. Nani kati yenu angeona machela yenye blanketi Kilungu akafikiri ni mashini? Kabla hawajafika nyumbani, akina mama wa kanisa walikuwa wamejaa uani na sukari, majani ya chai na unga, wakiimba kwa sauti ya chini. Mwingine alishaanza kulia. Baba, ambaye alikuwa mzee wa kanisa na hakutaka kusema uongo, alisimama mbele ya stoo ya mabati walimoiingiza na kutangaza kwamba mgonjwa anahitaji utulivu. Wakasali nje ya mlango karibu saa nzima. Mchungaji aliomba Mungu amnyooshe viungo.

Siku hizi nikilikumbuka ombi lile nacheka.

Meza ya leithi aliitengeneza Baba Mdogo, kwa mbao za mkaratusi uliokatwa wiki hiyo hiyo. Yeye mwenyewe hakutaka. Alimwambia Baba kwamba mkaratusi mbichi ukikauka unajinyonga na kupinda, wangoje miezi mitatu. Baba akamuuliza atailinda nani miezi mitatu ikiwa imelala chini. Akaipandisha mezani, akatoboa mbao matundu manne, moja kwa kila mguu wa leithi, akapitisha bolti ndefu na kuzikaza kwa chini na nati, kila nati akiikaza kwa spana aliyoivalisha kipande cha paipu ili apate nguvu zaidi. Mwizi atabeba na meza, alisema. Kwa mlango wa stoo alinunua kufuli, la kwanza kwetu, lenye funguo mbili, mmoja wake na mmoja wa Baba Mdogo. Kila Ijumaa aliporudi kutoka Kiboko, kabla ya kunywa chai, aliingia stoo, akainama chini ya meza na kuzikaza tena zile nati nne. Tulizoea kusikia paipu ikilia kabla hatujasikia sauti yake.

Umeme haukuwa umefika, kwa hiyo Baba Mdogo alitoa baiskeli yake. Aliing'oa tairi la nyuma, akaifunga nyuma ya meza na kupitisha mkanda kwenye rimu mpaka kwenye leithi. Yeye akikanyaga pedali, Baba alikata. Nilichungulia mara nyingi kupitia ufa wa bati. Baba Mdogo akikanyaga na jasho likimtiririka, haendi popote, akiimba. Baba ameinamia kisu, ulimi umetoka kidogo kama mtoto anayejifunza kuandika. Sijawahi kuwaona wanaume wawili wazima wakifurahi namna ile tena. Walikereza pini za mikokoteni, bushi za baiskeli, hata kifimbo cha chuma cha mwalimu mkuu ambacho sisi wanafunzi hatukuwashukuru kwacho.

Kuchungulia ndiyo ruhusa pekee niliyokuwa nayo. Susu alikuwa na sheria ya uhunzi kutoka kwa marehemu mumewe: mwanamke haingii mahali chuma kinapofanyiwa kazi, na msichana haruki chombo cha mhunzi. Akiingia, chuma kinakasirika. Baba alisema hayo ni mambo ya kale na sisi ni watu wa kanisa, ila hakunifungulia mlango.

Mvua za mwezi wa kumi na moja zilipokuja, leithi ikaanza kudanganya. Chuma kilichokuwa kikitoka sawasawa sasa kilitoka upande mmoja mnene kuliko mwingine, tofauti ya unene wa karatasi ya daftari. Kwa macho huoni. Kwa kalipa ya Baba, kile chombo cha kupimia unene, ilionekana mara moja. Alikinoa upya kile kisu cha kukatia, akapangusa reli zote na mafuta ya taa, akarekebisha mkia wa mashini unaoshika chuma kwa upande wa pili. Jumapili ikakubali kidogo, akaondoka akiwa na matumaini. Ijumaa iliyofuata ikawa imeharibika zaidi, na kwa namna nyingine. Akanyoosha, akakaza nati, akaondoka. Akarudi, mambo yale yale.

Kisha ikatokea aibu ya kisima. Walikuwa wamekereza pini ya pampu ya mkono ya kisima cha kanisa. Pini ikachomoka kwa sababu haikuwa sawa, mkono wa pampu ukabaki mikononi mwa kiongozi wa kwaya, naye akakaa kwenye matope mbele ya foleni nzima. Jumapili hiyo hakuimba. Baba alikaa kanisani akitazama sakafu.

Hapo ndipo alipoanza kuuliza swali ambalo liliharibu kila kitu. Hakuuliza tena leithi ina nini. Aliuliza ni nani anaigusa katikati ya wiki.

Kila mtu nyumbani alipata mtu wa kumshuku. Susu alimshuku Mama, kwamba aliingia kufagia. Mama alimshuku Susu, kwamba amemwaga kitu mlangoni kwa ajili ya roho ya mhunzi, kwa kuwa Baba alikataa kuichinjia mashini mbuzi. Kanisani walianza kumkumbuka yule mgonjwa wa machela ambaye hakuonekana akipona wala kuzikwa. Baba alimshuku mtu mmoja tu, mwenye ufunguo wa pili, anayebaki kijijini Jumatatu hadi Alhamisi. Hakusema. Alianza tu kumtazama kwa pembeni wakati yeye anakanyaga, na Baba Mdogo akaacha kuimba.

Baba akaweka mtego. Jumapili moja kabla ya kuondoka alinyunyiza unga wa mahindi sakafuni mwa stoo ili aone nyayo. Ijumaa alikuta unga umeliwa wote na nyayo za kuku kila mahali, maana kulikuwa na bati moja lililoachia kwa chini. Susu aliulilia ule unga kwa wiki nzima. Mara ya pili Baba akatumia majivu.

Sasa nifike kwangu. Najua baadhi yenu mmeshaanza kunishuku, na hamkosei.

Jumatano hiyo nilikuwa nimeishiwa nywele za leithi, na kulikuwa na msichana mmoja darasani aliyeleta marumaru za kioo za kuchezea kutoka Nairobi. Nilikuwa na miaka tisa, mwembamba, na pale ambapo kuku angepita mimi pia ningepita. Niliingia kwa tumbo. Ndani kulinuka grisi na mbao mbichi. Nilijaza mfuko wa sketi, kisha nikasimama nikaitazama ile mashini kwa mara ya kwanza bila bati katikati yetu. Ilikuwa baridi na nzuri. Kulikuwa na gurudumu dogo lenye mkono, upande wa mkia. Nikalizungusha mara moja. Likaenda laini kama siagi. Nikalirudisha, au nilidhani nimelirudisha, nikatoka kwa njia ya kuku.

Majivu sikuyaona. Sakafu yenyewe ilikuwa ya kijivu.

Ijumaa paipu haikulia. Niliposikia ukimya ule nikajua. Baba aliniita stoo, akafungua mlango wazi na kuniambia niingie, na mimi nikasita kwenye kizingiti kwa sababu ya sheria ya Susu. Alinionyesha alama ya mguu, vidole vitano vidogo, vimechorwa vizuri. Hakuwa na kiboko mkononi. Ningependa angekuwa nacho. Alikaa kwenye kigoda, uso wake sawa na wangu, akaongea kwa upole.

"Mwende, nani alikutuma huku?"

Niliwaza kwamba mimi ndiye niliyeivunja mashini, kwamba chuma kimekasirika, kwamba kisima kimeharibika na kiongozi wa kwaya amekaa kwenye matope kwa sababu ya mkono wangu. Kwamba yote haya yalikuwa yameanza wiki nyingi kabla sijaingia, hilo mtoto wa miaka tisa hahesabu.

"Ni baba yako mdogo?"

Nikatikisa kichwa juu chini.

Hiyo ndiyo kazi yote niliyoifanya. Sikutamka neno. Nimewahi kusikia watu wakisema hawakumbuki mambo ya utotoni sawasawa, wanachanganya. Mimi sichanganyi. Shingo yangu inakumbuka.

Jioni hiyo Baba alimwita mdogo wake mbele ya Susu na kumtaka ufunguo. Hakumtaja mtoto, na hilo namshukuru hata leo, ingawa lilimfanya Baba Mdogo asijue anajitetea dhidi ya nini. Alisema tu kwamba sasa anao ushahidi. Baba Mdogo alizoea kumwita Baba mwana wa mwaitu, yaani mtoto wa mama yangu, neno ambalo kwetu mtu hulitumia kwa ndugu anayempenda. Siku hiyo alimwita kwa jina. Aliweka ufunguo mezani kando ya bakuli la muthokoi, akasema:

"Ukimjua aliyeiharibu, nitumie habari."

Asubuhi alifungua baiskeli yake kutoka nyuma ya meza, akairudishia tairi na kuondoka nayo. Baadaye tukasikia amehamia Kitui, kwa kina mke wake, na amefungua karakana ya useremala karibu na mji. Baba alikaza nati nne kwa mara ya mwisho, kisha akazigonga ncha za bolti kwa nyundo ya babu mpaka zikafumuka kama uyoga, zisiweze kufunguka tena kwa spana yoyote. Mtu mmoja hawezi kukanyaga na kukata. Leithi ikasimama.

Ikasimama karibu miaka arobaini. Susu alizikwa wanawe wakiwa wamesimama pande mbili za kaburi. Kwenye harusi zetu walikaa meza tofauti, wakasalimiana kwa mkono kama wageni. Mimi nikakua, nikasomea ufundi wa vyuma, na watu wakasema damu ya mhunzi hiyo. Haikuwa damu. Nilikuwa natafuta lile gurudumu dogo lilivunja nini. Nilijifunza leithi kubwa za kisasa, na mwalimu aliposema gurudumu la mkia haliwezi kuharibu kitu ukilizungusha, nilimwomba arudie. Hata hivyo sikwenda kwa Baba. Nilijiambia pengine Baba Mdogo aliigusa kweli. Ndivyo shaka ilivyo, unaweza kuilalia vizuri ikiwa inakusitiri.

Mwaka huu niliomba kuipeleka leithi mjini Wote, chuoni kwangu, wanafunzi waone kitu cha kuendeshwa kwa mikono. Maana wanafunzi wa siku hizi mashini ikikosea kidogo wanasema inunuliwe nyingine. Baba, ambaye sasa anatembea na mkongojo, aliniuliza naitaka ya nini hasa, na kama kuna mtu wa Kitui nyuma yangu. Nikamwambia hakuna. Akanipa ufunguo baada ya kuutazama pande zote mbili.

Bolti hazikufunguka, bila shaka. Nikazikata kwa msumeno wa chuma nikiwa nimelala chini ya ile meza. Ya kwanza ikakatika kawaida. Nilipoikata ya pili, ya pembe ya mkabala, mashini ililia kwa juu, mlio mfupi, na vumbi likaniangukia usoni. Nikatoka kuangalia. Mguu mmoja wa leithi ulikuwa umeinuka juu ya mbao. Nikapitisha karatasi chini yake, halafu karatasi mbili, halafu jalada la daftari. Nikakaa sakafuni pale pale, mahali ambapo majivu yalikuwa.

Meza ilikuwa imejinyonga, kama Baba Mdogo alivyosema itajinyonga. Na kila Ijumaa Baba aliilazimisha leithi ilale juu ya meza iliyojinyonga, akaivuta kwa nati nne na paipu mpaka reli zake nazo zikapinda. Kadiri alivyoogopa mtu, ndivyo alivyokaza. Kadiri alivyokaza, ndivyo chuma kilivyotoka kibaya, naye akazidi kumwogopa mtu. Hakuna aliyeiharibu katikati ya wiki. Aliyeiharibu alikuwa yeye, kila Ijumaa, kabla ya chai.

Chuoni niliiweka juu ya fremu ya chuma, nikaiwekea vipande vyembamba vya bati la kopo chini ya mguu ulioinuka, nikazikaza nati kwa vidole na kuongeza kidogo tu kwa spana. Nikaiwekea mota. Nikakereza ufito mmoja wa chuma wenye urefu wa shubiri na kuupima kwa kalipa ile ile ya Baba. Ncha hii na ncha ile, sawa. Nikapima tena, mnanijua. Sawa.

Nilimpelekea Baba ule ufito Jumamosi. Nikamweleza habari ya nati. Aliupima mwenyewe, macho karibu na kalipa, kisha akaniuliza swali nililokuwa nikilingoja tangu nikiwa na miaka tisa.

"Na ule mguu kwenye majivu?"

Nikamwambia. Nywele za leithi, marumaru, njia ya kuku, gurudumu, na kile kichwa nilichokitikisa. Niliongea nikiangalia mikono yangu. Nilipomaliza alikuwa bado ameshika ufito. Alikaa hivyo mpaka chai ikapoa na kufanya utando juu, ndipo akamwita Mama amletee viatu vyake vya kanisani. Mama alidhani kuna msiba.

Nilimwendesha kwa kigari changu. Tulishuka barabara kuu, tukapita Kiboko bila yeye kugeuza shingo kuangalia gereji yake ilipokuwa, tukakunja Kibwezi na kushika lami mpya ya kwenda Kitui. Njia nzima alinihoji, kama ningeweza kuwa nimekosea kipimo, kama vile vipande vya bati vingeweza kudanganya. Nadhani alikuwa anatafuta mahali pa kurudia.

Baba Mdogo tulimkuta amekaa kwenye benchi mbele ya karakana yake, macho yameingia ukungu, akichambua misumari kwa kugusa. Alimtambua Baba kwa hatua.

"Uliniambia nikutumie habari," Baba akasema. "Nimeileta."

"Ni nani?"

"Ni mimi. Ni nati. Nilikaza."

Akamwekea ufito mkononi. Baba Mdogo aliuviringisha kati ya vidole, ncha moja, halafu nyingine, taratibu, akarudia. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma. Baba alikuwa amesema yote bila kunitaja, kama alivyonificha siku ile, na ningeweza kunyamaza tena. Ilikuwa rahisi kuliko nilivyofikiri. Nikasogea mbele nikasema. Nilimwambia Baba Mdogo kwamba ushahidi ulikuwa mimi, kwamba niliulizwa kama ni yeye na nikakubali.

Akaniuliza nilikuwa na miaka mingapi. Nikasema tisa. Akaelekeza ule ufito upande wa Baba.

"Na huyu alikuwa na mingapi?"

Baba akaanza kucheka, kicheko kibaya kinachotoka na kikohozi, mara nikaona si kicheko. Baba Mdogo akasogea kwenye benchi akampisha nafasi. Mimi nikajifanya nakwenda kuangalia mbao.

Ndani ya karakana, juu kwenye mbao za paa, kulikuwa na baiskeli imetundikwa. Nyuma haikuwa na tairi. Kwenye rimu mkanda wa ngozi ulikuwa bado umezungushwa na kufungwa kwa uzi usipotee, umekauka na kupasuka. Nikamwuliza mke wake, aliyekuja kunisalimu, kwa nini hawajaiuza miaka yote hii. Baba Mdogo alinisikia kutoka nje.

"Nililing'oa tairi tena wiki hiyo hiyo nilipofika," akasema. "Nilidhani mngekuja kuniita kabla ya Ijumaa."

Vijana wa leo wakikosana wanafungiana simu asubuhi, na kabla ya chakula cha jioni wameshafunguliana, wanatumiana vikatuni vya kucheka. Sisi tunawasema kwamba hawana msimamo. Mimi mwenyewe nimewasema sana. Sisi tulikuwa na msimamo, jamani. Tulikaza, tukarudi tukakaza tena, tukagonga na nyundo juu yake, tukaiita heshima.

Leithi sasa inafanya kazi vizuri. Unabonyeza swichi, inazunguka, na mtu mmoja anatosha. Wale wazee wawili wanapigiana simu kila Ijumaa jioni, wakati ule ule paipu ilipokuwa ikilia, na Mama anasema hawana wanachozungumza, wanaulizana tu kama mvua imenyesha. Baiskeli nilikuja nayo, nikaitundika karakanani. Wanafunzi wakiniuliza ni ya nini, nawaambia ni sehemu ya mashini.